SOMO LA AFYA: POMBE NA AKILI ZETU



Tunapopita nyumba kwa nyumba, watu wengi hutuambia kwamba wanajua ubaya wa pombe: inaharibu ini, inamaliza pesa, inaleta ugomvi. Hayo ni kweli. Lakini kuna jambo moja ambalo watu hawalizungumzii sana. Pombe hugusa akili kabla haijagusa ini, na huanza kuigusa wakati mnywaji bado anajiona mzima kabisa. Somo la leo linahusu jambo hilo. Halikuandikwa ili kumtukana mtu yeyote. Limeandikwa ili tuelewe, kisha kila mmoja aamue akiwa na habari kamili.

1. POMBE NI POMBE, HATA JINA LIKIBADILIKA

Hapa kwetu kuna kwete, kuna waragi, kuna bia ya chupa. Ndugu zetu waliotoka Sudan Kusini wanajua marisa na araki. Waliotoka Kongo wanajua lutuku na kasiksi. Majina ni mengi, lakini kitu kinacholevya ndani yake ni kimoja, nacho kinaitwa ethanoli. Tofauti ni kipimo tu.

Tufanye hesabu pamoja. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za ethanoli. Chupa ndogo ya waragi ya mililita 200 yenye nguvu ya asilimia 40 ina gramu 63 hivi. Kwa hiyo anayemaliza ile chupa ndogo inayoingia mfukoni amekunywa sawa na bia tatu kubwa. Pombe ya kienyeji haina karatasi ya kueleza nguvu yake, na kila mpikaji ana kipimo chake. Huwezi kujua kwa macho umekunywa kiasi gani.

Ini ndilo linaloondoa pombe mwilini, na linafanya kazi polepole: gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kahawa nzito, maji ya baridi kichwani, kutapika au kula pilipili haviliharakishi. Mtu aliyemaliza chupa ndogo ya waragi saa nne usiku anaweza kuamka saa kumi na mbili asubuhi na pombe ikiwa bado imo ndani ya damu. Akipanda boda boda saa hiyo, anaendesha akiwa na pombe, hata kama amelala na kuoga.

2. POMBE INAFIKAJE KWENYE UBONGO?

Pombe haihitaji kusagwa kama posho au maharagwe. Hupita kwenye ukuta wa tumbo na utumbo, huingia kwenye damu, na katika dakika chache huwa imefika kwenye ubongo. Ukinywa bila kula, hufika haraka zaidi. Mwanamke na mwanamume wakinywa kiasi kilekile, kwa kawaida damu ya mwanamke huwa na pombe nyingi zaidi, kwa sababu mara nyingi mwili wake ni mdogo na una maji machache ya kuizimua.

Ubongo hufanya kazi kwa kupeana ujumbe. Kuna kemikali zinazosema "amka, fanya haraka", na kuna zinazosema "tulia, punguza". Pombe huzipa nguvu zile za kupunguza na kuzinyamazisha zile za kuamsha. Ndiyo maana watu husema pombe inachangamsha, kumbe inapunguza. Sehemu ya kwanza kupunguzwa ni ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kutuzuia, kupanga na kufikiri matokeo. Breki zikilegea, mtu anaongea sana na kucheka sana, nasi tunadhani amepata nguvu mpya.

3. MAMBO MATANO YANAYOPUNGUA

(a) Umakini wa kugawanya. Hapa tunamaanisha uwezo wa kuangalia mambo mawili kwa wakati mmoja. Mama anakoroga posho na huku anamwangalia mtoto asisogee jikoni. Dereva wa boda anaangalia barabara, shimo, mbuzi, na abiria anayemwambia mahali pa kushukia. Huu ni wa kwanza kupungua. Unaanza kushuka damu ikiwa na miligramu 20 tu za pombe katika kila mililita 100, kiasi ambacho mtu mzima anaweza kufikia kwa nusu ya ile bia kubwa. Hapo hayumbi, maneno yake hayajapinda, na wenzake hawaoni kitu.

(b) Wepesi wa kuitika. Boda inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde kukanyaga breki, ameshasogea mita 5 na zaidi kabla breki haijaanza kushika. Mita hizo zinatosha kumfikia mtoto anayevuka barabara akitoka kuchota maji.

(c) Kumbukumbu. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayoandika mambo mapya, kama karani anavyoandika kwenye daftari. Pombe ikiwa nyingi na ikiingia haraka, karani huyo huacha kuandika. Mtu anaendelea kutembea, kuongea, hata kuahidi na kulipa pesa, lakini kesho yake ukurasa ni mtupu. Anaposema "sikumbuki", mara nyingi hasemi uongo. Jambo hilo halikuandikwa kamwe, na hata akijaribu vipi hawezi kulikuta.

(d) Uamuzi. Pombe hubana macho ya akili. Mtu huona kile kilicho mbele ya pua yake tu, na mambo ya mbali hupotea. Mtu mzima akitukanwa anaona tusi, lakini pia anaona polisi, watoto wake, jirani atakayekuwa naye miaka mingi, na kesho. Mlevi anaona tusi peke yake. Hivyo ndivyo ugomvi mdogo wa shilingi 500 unavyogeuka kuwa panga. Na hivyo ndivyo mtu anavyomaliza siku moja pesa za chakula za mwezi mzima.

(e) Kujipima. Hili ndilo baya zaidi, nalo tunalipa sehemu yake hapa chini.

4. KWA NINI ALIYEKUNYWA HUJIONA MZIMA?

Sehemu ya ubongo inayotuambia "sasa umekosea" ni miongoni mwa zile zinazolegezwa na pombe. Ni sawa na mizani ambayo imeharibika yenyewe: huwezi kuitumia kujua kama imeharibika.

Jambo hili lilianza kupimwa zamani. Mwaka 1896 huko Ujerumani, daktari Gustav Aschaffenburg aliwapima mafundi wanne wa kupanga herufi za chapa. Siku nyingine walifanya kazi bila pombe, siku nyingine walipewa mvinyo kwanza. Hawa walikuwa watu waliozoea kazi yao na waliozoea pombe pia. Lakini kwa jumla, siku za mvinyo kazi yao ilipungua. Tangu wakati huo vipimo vya namna hiyo vimerudiwa mara nyingi sana katika nchi nyingi, na jibu ni lilelile.

Wapo wanaosema, "Mimi nimezoea, pombe hainifanyi kitu." Ni kweli kwamba mnywaji wa muda mrefu hujifunza kutembea bila kuyumba na kuongea bila kupinda ulimi. Ameuzoesha mwili kuficha. Lakini akikutana na jambo jipya la ghafla, kama lori kwenye kona au mtoto aliyemeza kitu, umakini na wepesi wake huonekana vilivyo. Kuzoea kunapunguza dalili za nje kuliko kunavyopunguza hatari.

5. SIKU YA PILI, NA USINGIZI

Pombe ikiisha kwenye damu, kazi haijaisha. Mtu mwenye uchovu wa pombe ya jana hupungukiwa na umakini wa kukaa kwenye jambo moja kwa muda mrefu, kumbukumbu ya mambo ya karibuni, na wepesi wa mikono. Fundi matofali anahesabu mara tatu. Mwanafunzi anasoma ukurasa mmoja na hajui amesoma nini.

Wengi wetu hapa tumeona mambo mazito njiani. Wapo wanaokunywa jioni ili walale na wasahau. Tunawaelewa. Lakini tujue kinachotokea: pombe humfanya mtu apate usingizi haraka, kisha inapoisha usiku wa manane usingizi hukatika, na ndoto mbaya zinaweza kurudi kwa nguvu. Asubuhi akili imechoka, mawazo ni mengi kuliko jana, na mtu huona anahitaji kunywa tena. Huo ni mzunguko. Kwenye kituo cha afya unaweza kumweleza mhudumu habari ya usingizi na mawazo kama unavyomweleza habari ya homa. Si aibu, na si wendawazimu.

6. WALIO KATIKA HATARI ZAIDI

Wajawazito. Pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni, na ini la mtoto bado ni changa mno. Inaweza kuharibu ubongo wake unaojengwa. Mtoto huyo akizaliwa anaweza kuwa mgumu kutulia, kukumbuka na kujifunza hesabu, maisha yake yote. Madaktari wa Marekani waliieleza hali hii kwa jina lake mwaka 1973. Haina dawa ya kuiponya, lakini inazuilika kabisa: mjamzito asinywe. Kama mama alikunywa kabla hajajua ana mimba, aache leo. Kuacha kunasaidia wakati wowote.

Vijana. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, na sehemu ya mbele ndiyo ya mwisho. Sheria ya Uganda inakataza kumuuzia pombe mtoto aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku pombe ya vifuko vidogo vya plastiki, kwa sababu ilikuwa rahisi kununua na rahisi kuficha, hata kwenye mkoba wa shule.

Wanaokunywa kila siku na kula kidogo. Pombe huzuia mwili kupata vitamini B1, ambayo ubongo hauwezi kufanya kazi bila hiyo. Mnywaji akianza kuchanganyikiwa, macho yake yakichezacheza na miguu ikikosa nguvu hata siku ambayo hajanywa, apelekwe hospitali haraka. Akicheleweshwa anaweza kupoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya moja kwa moja.

Wanaotumia dawa. Pombe pamoja na dawa za kifafa, dawa za usingizi au dawa za akili inaweza kumlaza mtu hadi pumzi ikapungua. Kwa wenye kifua kikuu, pombe huongeza mzigo kwa ini. Na kwa wote wanaomeza dawa kila siku, pombe husahaulisha saa ya dawa. Mwambie mhudumu ukweli kuhusu pombe. Dawa zako usiziache.

7. SI KILA ANAYEYUMBA AMELEWA

Tafadhali someni sehemu hii mara mbili. Malaria kali humfanya mtu achanganyikiwe na kuongea maneno yasiyoeleweka. Sukari ikishuka mwilini, mtu huyumba na kutoka jasho. Aliyepigwa kichwani au aliyetoka kwenye degedege la kifafa huonekana kama mlevi. Na mtu anaweza kuwa amekunywa na pia ana malaria. Tusipite pembeni tukisema, "Mwacheni, atalala itaisha." Mwite kwa jina, mguse, mwangalie anavyopumua.

Mpeleke kituo cha afya upesi ukiona mojawapo ya haya:

- Haamki hata ukimwita kwa nguvu na kumfinya.
- Anapumua polepole sana au pumzi inakatika.
- Mwili una joto kali, au umekuwa wa baridi.
- Ana degedege, au jeraha la kichwa.
- Anasema haoni vizuri, au anaona kama ukungu.

Mkiwa mnasubiri usafiri, mlazeni kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Msimpe kahawa, maziwa wala maji kama hajaamka vizuri. Msimtapishe kwa nguvu. Asiachwe peke yake.

Lile la macho lina sababu yake. Mwezi Agosti mwaka 2022, katika Arua na Madi-Okollo, watu zaidi ya kumi walifariki baada ya kunywa pombe kali ya dukani iliyoshukiwa kuwa na sumu. Mwaka 2010 huko Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Methanoli ni ndugu wa ethanoli lakini ni sumu: mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho na ubongo. Huwezi kuitambua kwa harufu wala kwa ladha. Dalili zake zinaweza kuchelewa nusu siku au siku nzima: kichwa kuuma sana, tumbo kuuma, kutapika, kupumua haraka, macho kuona ukungu. Mtu akieleza hivyo baada ya kunywa, msingoje asubuhi, na wote waliokunywa naye wapimwe pia.

8. KWA MAMA ZETU WANAOPIKA POMBE

Tunajua kwamba wengi hawapiki kwa kupenda. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, sufuria ya kwete imelipa madaftari, sabuni na kusaga nafaka katika nyumba nyingi. Hatuwezi kusema "acheni" halafu tukaenda zetu. Tunaomba mambo manne yanayowezekana leo: usimuuzie mtoto, wala usimtume kuuza, usimuuzie mtu ambaye tayari amelewa, usimuuzie dereva anayesubiri abiria, na usiongeze kitu chochote usichokijua ili pombe iwe kali. Wanaotaka kujaribu biashara nyingine wazungumze na viongozi wa kijiji kuhusu vikundi vya kuweka akiba vilivyo karibu nao.

9. TUFANYE NINI?

Mwezi Januari mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kutokunywa ndiko salama. Kwa anayekunywa, kila hatua ya kupunguza ina faida:

- Kula kwanza, kunywa polepole, na kupanga mwisho kabla ya kuanza, kwa sababu ukishaanza, anayepanga si akili yako kamili.
- Pesa za chakula na karo ziwekwe kwa mtu mwingine kabla ya kwenda.
- Siku ya kuendesha, ya kuchimba kisima, ya kuchoma matofali, ya mtihani au ya kubaki na mtoto mgonjwa, iwe siku bila pombe.
- Anayetaka kuzungumza na mume, mke, kaka au mzee wake kuhusu pombe, azungumze asubuhi akiwa mzima, kwa heshima, faraghani. Usiku karani wa kumbukumbu amelala, na maneno yako hayataandikwa.

ONYO: Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake. Ndani ya siku chache za mwanzo anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Aje kituo cha afya kwanza, asaidiwe kuacha kwa usalama. Huduma katika vituo vya serikali ni bure kwa mkimbizi na kwa mwenyeji. Wanaohitaji zaidi hupewa rufaa, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua ina kitengo cha afya ya akili.

ZOEZI LA KIKUNDI (bila pombe!)

Kaeni wawili wawili. Mmoja ahamishe maharagwe 20, moja moja, kutoka bakuli moja hadi jingine, mwenzake apime muda kwa simu. Kisha arudie kazi hiyohiyo huku akihesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 60 kwa kuruka tatu tatu: 60, 57, 54, na kuendelea. Wengi watachelewa, au watakosea hesabu, au maharagwe yataanguka. Hivyo ndivyo ilivyo kazi ya kugawanya umakini kwa mtu mzima ambaye hajanywa kitu. Sasa fikirini mtu huyo amekunywa, na badala ya maharagwe ana usukani mikononi, au mtoto mgongoni karibu na moto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni kazi gani tatu zinazohitaji kuangalia mambo mawili kwa pamoja? Nani huzifanya akiwa amekunywa?
2. Kwa nini maneno "mimi najijua" hayatoshi kumpa mtu ufunguo wa pikipiki?
3. Ukimkuta mtu amelala njiani na ananuka pombe, utaangalia mambo gani kabla ya kusema amelewa tu?
4. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje jirani anayetaka kuacha?

Mkiwa na swali, mwoneni VHT wa kijiji chenu au njooni kituo cha afya siku yoyote ya kazi. Akinababa mnakaribishwa sana, maana katika mikutano yetu viti vyenu mara nyingi hubaki vitupu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuzibe tukiwa bado tuna akili timamu za kuuona huo ufa.